Ndago kibete ya udongo wa chokaa

Mtajie mkulima wa Morogoro ndago, naye atakutajia palizi: yale magugu yenye vitunguu vidogo ardhini, unayang'oa leo, baada ya siku chache yamechipua. Mvuvi wa Ziwa Viktoria yeye atakuonyesha mafunjo, ambayo ni ya ukoo huohuo. Kazi yangu ni kuuchunguza ukoo huu, Cyperaceae kwa jina la kitaalamu, na leo nataka kumweleza mwanaukoo ambaye hana tabia ya hao wawili. Ni Carex humilis, ndago kibete. Haiishi majini, haivamii shamba la mtu, na ikishaondolewa mahali ni shida sana kurudi.

Jenasi ya Carex ina spishi zipatazo 2,000, na nyingi hupenda baridi au unyevu. Kwetu ziko juu milimani: Carex runssoroensis imejaa kwenye vinamasi vya Rwenzori kwa mafungu makubwa ya majani, na Carex monostachya iko Mlima Kenya. Ndago kibete imeshika njia nyingine. Inaanzia Hispania, inapita Ufaransa, Uswisi, Ujerumani na Austria hadi nyika za Urusi, na kote huko inatafuta penye joto, pakavu, penye chokaa. Aliyeipa jina hilo katika karne ya 18 ni Friedrich Wilhelm von Leysser, mtaalamu wa mimea ya Halle, Ujerumani.

Sisi wa karibu na ikweta hatujali sana mteremko umeelekea wapi, maana jua hupita utosini. Kusini mwa Uingereza, ambako ndago hii nayo ipo, kwenye latitudo ya digrii 51, jua la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima. Mteremko unaotazama kusini hupokea miale mingi, udongo wake hupata joto mapema na kukauka mapema. Huko ndiko ninakoitafuta ndago kibete kwanza.

Chokaa nayo ina mambo yake. Miamba ile imetokana na mabaki ya viumbe vya baharini, kalisi kaboneti ileile iliyomo kwenye mawe ya matumbawe ya pwani yetu. Udongo uliolala juu yake ni mwembamba na mvua huzama upesi. Lakini zaidi ya kiu, mimea ya hapo ina njaa. Fosforasi ikikutana na kalisi nyingi hushikamana nayo ikawa haiyeyuki, na mzizi hauwezi kunywa kisichoyeyuka. Mimea mingi huomba msaada kwa kuvu wanaoishi mizizini. Ndago wengi hawana urafiki huo. Baadhi yao wana dawa yao wenyewe. Carex flacca, jamaa anayeota kwenye chokaa hiyohiyo, akikosa fosforasi huotesha vijizizi vilivyonenepa mfano wa karoti, vimejaa vinyweleo, vinavyotoa asidi ya kuifungua fosforasi kutoka udongoni. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado vijizizi hivyo hunisimamisha kila ninapoviona chini ya darubini.

Sasa uitambueje? Majani ni membamba kama uzi, upana wake milimita moja hivi, yamejikunja na kukwaruza kidole. Shina lenye maua ni fupi, mara nyingi halifiki sentimita 10, na limefichwa na majani. Inachanua mapema, Machi hadi Mei, nyasi za jirani zikiwa bado zimelala. Suke la kiume hukaa juu na kumwaga chavua kwenye upepo. Masuke ya kike ni mawili hadi manne, yameachana kando ya shina, kila moja lina maua machache tu, nayo yamejificha ndani ya ala, yaani vijani vinavyoyafunika, zenye kingo pana za rangi ya fedha. Ala hizo ndizo ninazozitazama kwanza. Carex caryophyllea, ambayo huchanganywa nayo sana, haina kingo hizo, na masuke yake yamesongamana karibu na ncha.

Mbegu huiva chini kabisa, katikati ya majani, mahali ambapo upepo hauzifikii. Wanaozibeba ni sisimizi, kwa sababu kila mbegu ina sehemu ndogo ya mafuta wanayoipenda. Sisimizi huipeleka umbali wa mita chache tu. Kwa hiyo ndago hii hupanuka zaidi kwa mashina yake ya ardhini, taratibu sana, ikielekea nje huku katikati pakizeeka na kufa. Matokeo yake ni duara la kijani, na ndani yake wamehamia kuvumwani (kuvu na mwani walioungana) na mimea midogo. Ukiliona duara kama hilo unajua hapo pamekaa bila jembe kwa miongo mingi.

Ndiyo sababu naihofia trekta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, malisho mengi ya zamani ya Uingereza yalilimwa na kumwagiwa mbolea ya chumvichumvi. Mbolea hiyo iliondoa ile njaa iliyokuwa ikiwazuia nyasi warefu, nao wakaifunika ndago. Kisha ugonjwa wa miksomatosisi ukaingia nchini humo mwaka 1953, sungura wakafa kwa wingi, na hata pale pasipolimwa nyasi zikarefuka kwa kukosa wa kuzila. Nyanda za Salisbury zilinusurika kwa sababu jeshi lilianza kununua ardhi huko mwaka 1897 kwa ajili ya mazoezi. Leo ndiko kwenye eneo kubwa kuliko yote la nyasi za chokaa kaskazini-magharibi mwa Ulaya, na ndago kibete bado ni nyingi katika wilaya hiyo ya Wiltshire.

Kwa mwenye malisho ya namna hii, ushauri wangu ni mfupi: kondoo walishwe, mbolea isiwekwe, na plau isiguse kabisa. Kupanda mbegu baadaye si badala yake. Kwa msomaji aliyeko Bristol, ndago hii iko kwenye miamba ya Avon Gorge, mwendo wa miguu tu kutoka mjini. Nenda mwishoni mwa Machi, chukua kioo cha kukuzia, upige magoti, utafute zile kingo za rangi ya fedha.