Kilo za mtoto si za mama peke yake

Nairobi hii ukienda kuona mtoto mchanga, kabla hata hujakaa chini ushaambiwa kilo. Akiwa nne pointi moja baba anatembea kifua mbele, akiwa mbili pointi tatu mashangazi wanaanza kumwangalia mama kwa jicho lile, ati alikuwa hali, ati kazi ilimzidi, ati alikuwa anaogopa kunenepa. Mimi ni mtu wa jenetiki, kazi yangu ni sampuli za damu na kompyuta, na hii tabia ya kumbebesha mama kila gramu hunikera sana. Sisemi chakula cha mama hakina maana, kina maana kubwa, na malaria kwa mjamzito pia hupunguza uzito wa mtoto, hiyo watu wa kando ya ziwa wanaijua vizuri. Nachosema ni kwamba mtoto mwenyewe ana mkono wake pale ndani, na baba pia ana wake, tena mrefu kuliko anavyodhani.

Chukua jeni moja inaitwa IGF2. Hii inatengeneza kichochezi cha ukuaji kinachofanana na insulini, na iko kwa kromosomu ya 11, jirani kabisa na jeni ya insulini yenyewe. Sasa kila mtu ana kopi mbili za hiyo jeni, moja ya mama moja ya baba, na kwa jeni nyingi kopi zote mbili huwa zinapiga kazi. Hii hapana. Mtoto akiwa tumboni inayofanya kazi ni kopi ya baba, ile ya mama imezimwa, kwa muhuri uliowekwa tangu mbegu na yai vilipotengenezwa. Mwaka wa 1991 Thomas DeChiara, Elizabeth Robertson na Argiris Efstratiadis wa Columbia University kule New York walionyesha hii kitu kwa panya: wakiharibu kopi iliyotoka kwa baba, kipanya kinazaliwa na karibu asilimia 60 tu ya uzito wa ndugu zake. Na si mgonjwa, angalia vizuri, miguu sawa, kichwa sawa, kinakua hadi kinazaa, ila ni kadogo kadogo maisha yote. Wakiharibu ile iliyotoka kwa mama, hakuna kitu kinabadilika, wanazaliwa saizi ya kawaida.

Kwa nini mwili ufanye mambo magumu hivyo? Maelezo ninayoyapenda mimi ni ya watafiti David Haig na Tom Moore, wa mwaka huo huo wa 1991. Kwa upande wa jeni za baba, huyu mtoto avute chakula chote anachoweza, maana mimba ijayo ya huyu mama pengine haitakuwa ya baba huyo. Kwa upande wa jeni za mama, wapunguze, kuna watoto wengine wanakuja na wote ni wake. Ni kama makanga na abiria wakibishana nauli asubuhi ya mvua, mmoja anavuta juu mwingine anavuta chini, na bei inayobaki katikati ndio uzito wa mtoto. Na kweli ukiangalia panya tena unakuta jeni nyingine, IGF2R, ambayo kazi yake ni kunasa IGF2 na kuipeleka ikavunjwe, na hiyo sasa inayofanya kazi ni kopi ya mama. Kwa binadamu IGF2R haijakaa hivyo, wengi wetu kopi zote mbili zinafanya kazi, kwa hivyo usichukue panya ukampandisha mzimamzima kwa binadamu.

Lakini muhuri wenyewe kwa binadamu upo, na ukiharibika utauona kwa macho. Kuna hali inaitwa Beckwith-Wiedemann, ambapo mara nyingine IGF2 inawaka pande zote mbili, mtoto anazaliwa mkubwa, ulimi ni mkubwa hadi mdomo haufungi vizuri, kitovu kinaweza kuwa kimechomoza, na sukari yake inashuka saa chache baada ya kuzaliwa. Hao watoto wanafuatiliwa kwa karibu kwa sababu wana hatari zaidi ya saratani ya figo ya utotoni. Upande wa pili kuna Silver-Russell, hapo mara nyingi IGF2 imezimwa kupita kiasi, mtoto ni mdogo, kichwa kinaonekana kikubwa kwa huo mwili, kula ni shida. Jeni zile zile, eneo lile lile, matokeo kinyume kabisa.

Watu hudhani homoni ya ukuaji, ile ya ubongoni, ndio bosi hata tumboni. Wapi. Kule Ecuador kuna watu wenye hali ya Laron, miili yao haisikii hiyo homoni kabisa, wakikua wanabaki wafupi sana, lakini wakati wa kuzaliwa uzito wao hauko mbali na wa kawaida. Na kitu cha kushangaza, wengi wao ni wanene na kisukari kwao ni nadra mno. Kwa hivyo ukuaji wa tumboni na ukuaji wa baadaye ni ofisi mbili tofauti, na huko tumboni wanaotawala ni IGF2, ndugu yake IGF1 na insulini ya mtoto mwenyewe.

Hiyo ya mwisho ndio nataka tukae nayo kidogo. Insulini ya mama haivuki kondo kwenda kwa mtoto. Sukari inavuka. Kwa hivyo mama akiwa na sukari ya juu, mtoto anapokea sukari nyingi, kongosho lake linajibu kwa kumwaga insulini, na insulini kwa mtoto wa tumboni ni mbolea, inajenga mafuta na nyama, hasa miezi ile mitatu ya mwisho. Jørgen Pedersen wa Denmark alilieleza hili miaka ya 1950. Ndio maana mtoto wa kilo nne na nusu nesi hamsifu kwanza, anachukua sindano anadunga kisigino, tone moja kwa kijikaratasi cha glukomita, maana kitovu kimekatwa, sukari ya mama imeisha ghafla lakini insulini ya mtoto bado iko juu, na ikisoma chini ya milimoli 2.6 kwa lita mtu anaanza kukimbia.

Sasa ingiza jeni hapo. GCK ni jeni ya kimeng'enya kinachoambia kongosho sukari iko wapi. Mtu mwenye hitilafu ya kopi moja kongosho lake linachelewa kushtuka, sukari yake akiwa hajala inakaa juu kidogo maisha yote, na wengi wao hawahitaji hata dawa. Mwaka wa 1998 Andrew Hattersley na wenzake wa Exeter, Uingereza, walipima familia zenye hiyo hitilafu. Mtoto akirithi kutoka kwa baba, mama akiwa mzima, anazaliwa na karibu gramu 530 pungufu, kwa sababu kongosho lake halisikii sukari vizuri na insulini inakuwa kidogo. Mama akiwa nayo na mtoto hana, mtoto anazidi kwa karibu gramu 600, sukari ya mama iko juu na kongosho la mtoto linaisikia vizuri sana. Na mama na mtoto wote wakiwa nayo? Zinakatana, mtoto anazaliwa kawaida, huwezi jua kitu kwa mzani. Mimi hii huwa naisomesha polepole kwa sababu ndani yake kuna kila kitu: jeni moja, uzito tatu tofauti, inategemea nani anayo.

Mwaka uliofuata Hattersley na mwenzake John Tooke wakasema, basi labda ule uhusiano wa watoto wadogo na kisukari cha ukubwani, ambao watafiti David Barker na Nicholas Hales waliueleza kama alama ya njaa ya tumboni, sehemu yake ni jeni tu. Jeni inayopunguza insulini inampa mtoto uzito mdogo leo na sukari ya juu akiwa na miaka hamsini. Ubishi ulikuwa moto. Baadaye uchunguzi mkubwa wa jeni ukaonyesha pande zote zina haki: kuna aina ya jeni ADCY5 inayopunguza uzito wa kuzaliwa na kuongeza hatari ya kisukari kwa pamoja, na kufikia 2019 alama karibu 190 za jeni zinazohusiana na uzito wa kuzaliwa zilikuwa zimepatikana, zingine zinapitia kwa mama, zingine kwa mtoto. Wengi waliopimwa ni wa asili ya Ulaya, na sisi huku Afrika, ambako jeni zina utofauti mkubwa kuliko kwingine kote duniani, bado tunasubiri zamu.

Njaa nayo haijatoka mchezoni. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Uholanzi ilifungiwa chakula na Wajerumani, na watu waliotungwa mimba wakati huo walipopimwa miaka sitini baadaye, alama za methili kwa IGF2, zile za kemikali zinazobandikwa juu ya jeni na kusaidia kuiwasha au kuizima, zilikuwa zimepungua kuliko za ndugu zao. Sasa sikia hii: waliopitia njaa mwanzoni mwa mimba walizaliwa na uzito wa kawaida. Wadogo ni wale waliokutana nayo mwishoni. Yaani mzani ulisema sawa na jeni ilikuwa ishabeba alama.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama apime jeni kwa sababu mtoto wake ni mbili pointi nne, namwambia weka pesa yako. Mama apimwe sukari kati ya wiki ya 24 na 28, ile ya kunywa glukosi gramu 75 na kungoja masaa mawili, inachosha lakini inasaidia. Mtoto aliyezaliwa mdogo asishindiliwe uji wa sukari ili anenepe haraka afurahishe nyanya yake, maana wanaonenepa kwa kasi baada ya kuzaliwa wadogo ndio hupata shida zaidi ya sukari ukubwani. Na kwa sababu imeonekana pia kwamba watoto wa baba wenye kisukari cha aina ya pili huelekea kuzaliwa wadogo kidogo, baba Njoro, kabla hujauliza bibi yako alikuwa anakula nini, nenda wewe ukadungwe kidole kwanza.