Ua la Porini Halitambuliwi kwa Rangi

Wengi wanaotuletea mimea ya porini ili tuwatajie jina huja na ua peke yake, limekatwa chini kidogo ya petali na kubanwa katikati ya daftari, na swali lao huanza na rangi. Rangi ni shahidi dhaifu. Spishi moja, yaani aina moja ya mmea, inaweza kuwa na maua meupe na ya zambarau katika uwanja mmoja, na mimea isiyo na undugu wa karibu ikachanua njano ileile. Shina na majani yaliyoachwa porini mara nyingi ndiyo yangemaliza ubishi.

Mimea itoayo maua ina spishi zaidi ya 300,000 duniani, wala hakuna anayezijua zote. Kwa sababu hiyo tunamshauri anayeanza aziendee familia kwanza, yaani jamii za mimea yenye undugu, majina yafuate. Maua mengi ya jamii ya maharage yana petali tano: moja pana iliyosimama nyuma, mbili za ubavuni kama mabawa, na mbili za chini zilizoshikana mfano wa mtumbwi. Katika jamii ya bamia, stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) zimeungana kuwa mrija unaouzunguka mtindi wa ua, yaani kijiti cha kike cha katikati. Mimea ya jamii ya mnanaa na mrihani kwa kawaida ina shina la pembe nne, majani yatokayo mawili mawili yakitazamana, na mara nyingi harufu kali ukiyafikicha.

Hata hivyo, alama moja haitoshi, na mwalimu mzuri wa jambo hili ni kishona nguo, gugu lenye asili ya Amerika ambalo sasa limeenea katika nchi nyingi za joto. Pitisha vidole kwenye shina lake nawe utazihisi pembe nne. Tazama majani, utayakuta yanatazamana. Anayetegemea shina tu ataliweka pamoja na mnanaa. Sasa lichane lile "ua" taratibu kwa ukucha, ulitazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Kile kitovu cha njano ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, kila moja likiwa kijibomba chenye meno matano mdomoni, na ndani yake stameni zimegandana kuwa mrija ambao mtindi hupenya ukisukuma chavua juu. Zile zinazoonekana kama petali nyeupe pembeni nazo ni maua, ila yamekuwa tasa na kutandazwa kama ulimi. Baadhi ya mimea ya kishona nguo haina ndimi hizo kabisa, na mtu aliyezoea kuhesabu "petali" hukwama hapo. Mpango huu wa maua mengi kujifanya ua moja ndio unaoitambulisha jamii ya alizeti, na binafsi sijachoka kuutazama.

Kosa la kutegemea alama moja ni la zamani. Mwaka 1735 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alitangaza utaratibu wa kupanga mimea, hasa kwa kuhesabu stameni. Ulikuwa rahisi kutumia, lakini uliiweka pamoja mimea isiyo ndugu, nao ukaachwa. Majina yake ya maneno mawili, yaliyoenea kutokana na kitabu chake cha 1753, ndiyo yaliyobaki, na ndiyo yanayowawezesha watu wa lugha mbalimbali kuzungumzia mmea mmoja bila kuchanganyana.

Tahadhari hii si ya kitaaluma tu. Karoti mwitu na mmea uitwao Conium maculatum, ambao inaaminika ndio uliotengenezewa sumu aliyonyweshwa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwaka 399 KK, yote ni ya familia moja, yote ina majani yaliyochanikachanika na vijiua vyeupe vilivyopangwa kama mwavuli uliofunguliwa. Shina la karoti mwitu kwa kawaida lina vinyweleo. La ndugu yake ni laini, nalo mara nyingi lina madoa ya zambarau. Picha ya ua iliyopigwa kutoka juu haitaonyesha tofauti hiyo, wala programu ya simu haiwezi kuona kisichopigwa picha. Kwa hiyo usile mmea wowote wa porini kwa kutegemea jina lililopendekezwa na simu.

Ukitaka kutuletea mmea, hakikisha kwanza kwamba unaruhusiwa kuchuma mahali hapo na kwamba imebaki mingine mingi ya aina hiyo. Mahali ulipo mmoja tu, piga picha uuache: ua kwa mbele na kwa ubavu, jani pande zote mbili, kiungo ambapo jani hushikana na shina, na tunda kama lipo. Andika tarehe, mahali, aina ya udongo, kimo na harufu. Rangi nayo iandike siku hiyohiyo, kwa kuwa ua likikaushwa rangi hufifia au hubadilika, na sisi tunaolipokea hatuna tena namna ya kujua lilikuwaje likiwa bichi.