Isle of Man wana bunge la juu, ila mwananchi halipigii kura

Ukimtajia mtu aliyesoma historia ya Kenya au Tanganyika maneno Baraza la Kutunga Sheria, moja kwa moja anawaza Legco ya mkoloni, ile iliyoanza 1907 Kenya na 1926 Tanganyika, gavana amekaa mbele na maafisa wake pembeni. Sasa kuna kisiwa jina hilohilo linatumika mpaka leo ila maana imeshabadilika, siku hizi ni bunge la juu, kitu cha jamii ya Seneti. Kisiwa chenyewe ni Isle of Man, kiko baharini kati ya Uingereza na Ireland, watu elfu 84 hivi, na wengi wanadhani ni sehemu ya Uingereza lakini siyo. Mfalme wao ni mmoja, ulinzi na mambo ya nje yanaangaliwa na Uingereza, ila sheria zao za ndani na kodi wanapanga wenyewe.

Bunge lao lote kwa ujumla linaitwa Tynwald, na mwaka 1979 walisherehekea miaka 1,000 ya hilo bunge. Ndani yake kuna vyumba viwili. Cha chini ni House of Keys, wabunge 24, hawa ndio mwananchi anawachagua, majimbo 12 na kila jimbo linatoa wawili. Kwa Kimanx, lugha ya kisiwa, jina lao ni Kiare as Feed, maana yake ishirini na nne tu basi. Cha juu ndiyo hilo Baraza, lina watu 11.

Hao 11 wanapatikanaje? Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, maana ukiwaza Seneti ya Kenya, ambapo wengi wanaingia kwa kura za wananchi wa kaunti zao, utapotea. Wajumbe 8 wanachaguliwa na wabunge wa Keys, yaani wewe mwananchi unamchagua mbunge halafu mbunge wako ndiye anaenda kumchagua mjumbe wa Baraza, na mgombea anatakiwa apate kura 13 kati ya zile 24. Wanakaa miaka mitano na hawatoki wote kwa mpigo, wanachaguliwa wanne wanne. Wanaobaki watatu wanaingia kwa cheo: Rais wa Tynwald ambaye ndiye anaongoza vikao, Mwanasheria Mkuu ambaye anaongea ila hapigi kura, na Askofu wa Anglikana anayeitwa Askofu wa Sodor na Man. Ndiyo, askofu anakaa bungeni kwa sababu ya uaskofu wake, na hiyo kura yake imebishaniwa miaka na miaka kule kisiwani.

Kwa nini iwe hivyo? Ni kwa sababu mzizi wake ni uleule wa Legco yetu. Zamani Baraza lilikuwa ni maafisa wa gavana tu, wanakaa naye kumshauri. Mabadiliko yakaja polepole sana, sheria ya 1919 ikaruhusu Keys wachague wajumbe wanne, baadaye maafisa wakapunguzwa kidogo kidogo na wa kuchaguliwa wakaongezeka, na gavana mwenyewe aliacha kuongoza vikao vya Baraza 1980, juzi tu hapo. Sisi Legco iliondoka na uhuru, wao hawakuivunja, waliigeuza ikiwa inaendelea kufanya kazi, na ndiyo maana imebaki na alama za zamani kama huyo askofu.

Kazi yake kubwa ni kuipitia miswada. Mara nyingi muswada unaanzia Keys, ukipita huko unaletwa Baraza, wanausoma kifungu kwa kifungu, wanaita watu wa kuwahoji, wanarekebisha, halafu ukishakubaliwa pande zote mbili unasainiwa na unatafutiwa idhini ya mfalme. Kuna siku pia wanakaa wote pamoja kama Tynwald, kwa mambo kama bajeti, ila hata hapo kura za kila upande zinahesabiwa peke yake.

Je, Baraza linaweza kuua muswada? Kuuchelewesha ndiyo, kuuzika moja kwa moja hapana, kwa sababu sheria inawaruhusu Keys, muda uliowekwa ukipita, wausukume mpaka uwe sheria hata kama Baraza limekataa. Mimi naona hapo ndipo walipopatia. Kisiwa kidogo, wabunge 24, kila mtu anamjua kila mtu, ni rahisi sana kosa likapita bila kuonekana, kwa hiyo jicho la pili linahitajika kweli, lakini asiyepigiwa kura na mwananchi asiwe na neno la mwisho. Ninachokiona bado kina kasoro ni pale mbunge aliyechaguliwa na watu wa jimbo anahamia Baraza kwa kura za wenzake, jimbo linabaki kufanya uchaguzi mdogo wakati yeye ana miaka mitano mbele bila kurudi kuomba kura.

Ukitaka kuwaona wote mahali pamoja ni siku ya Tynwald, kwa kawaida tarehe 5 Julai, kijiji cha St John's, kwenye kilima cha udongo chenye ngazi nne. Wajumbe wa Baraza wanakaa juu kabisa na gavana na askofu, Keys ngazi ya chini yao, na sheria mpya zinatangazwa hadharani kwa Kimanx na Kiingereza.