Kwa nini risasi ya .375 H&H ina mkanda?

Ukiishika .375 H&H, risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa yenye kichwa cha kipenyo cha inchi .375, kidole kitagusa mkanda uliotuna kulizunguka ganda, yaani kopo linalobeba baruti, juu kidogo tu ya kitako. Wengi huamini kwamba mkanda huo unaliongezea ganda nguvu ili lihimili baruti nyingi. Sivyo. Chanzo chake ni joto.

Risasi hii ilitolewa mwaka 1912 na Holland & Holland, mafundi bunduki wa London, na waliokusudiwa ni wawindaji wa Afrika na India. Zama zile Waingereza walitumia kodaiti, baruti ya nitrogliserini iliyotengenezwa kwa nyuzi ndefu kama tambi. Kodaiti haipatani na jua kali. Risasi zikishinda juani, baruti huungua kwa kasi zaidi, mgandamizo hupanda, ganda hutanuka na kung'ang'ania kuta za chemba, tundu la bunduki inamokaa risasi. Mwindaji anavuta bolti, komeo linalofunga chemba na kulitoa ganda, haiji. Kama mbele yake yuko nyati aliyejeruhiwa, hapo ni suala la uhai.

Kwa hiyo mafundi walilipa ganda umbo la kupungua unene taratibu kutoka kitakoni kwenda mbele, na bega, yaani sehemu ganda linapobanwa kuelekea kichwani, lenye mteremko mdogo. Ganda la namna hiyo likirudi nyuma kidogo tu, linaachana na kuta za chemba pande zote kwa pamoja. Kwangu mimi, huu ndio werevu mkubwa wa risasi hii, kuliko hata uzito wa pigo lake.

Lakini umbo hilo lilileta tatizo lingine. Risasi lazima isimame mahali pamoja ndani ya chemba kila mara. Ikizama kupita kiasi, pini ya kufyatulia haiipigi sawasawa. Ikiwa na nafasi nyuma yake, ganda huvutika baruti inapolipuka na linaweza kukatika. Risasi za bunduki za mitutu miwili zilizuiwa na ukingo mpana wa kitako. Kwenye bunduki ya bolti, ambayo risasi zake hupangwa moja juu ya nyingine ndani ya magazini, kingo hizo hukwamana kirahisi. Risasi zisizo na ukingo kwa kawaida huzuiwa na bega, na bega la .375 lilikuwa na mteremko mdogo mno kutegemewa. Ndipo ukawekwa mkanda: unagota kwenye ngazi ndogo iliyochongwa mdomoni mwa chemba, na risasi inasimama hapo.

Risasi yenyewe ni ndefu, na ganda peke yake lina milimita 72 hivi, kwa hiyo ilihitaji bolti ndefu pia. Bunduki ya bolti ya Mauser 98 ya Ujerumani, iliyorefushwa kwa ajili ya risasi kubwa, iliifaa sana. Ukucha wake mpana huikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na hauiachii hadi ganda litupwe nje, hata kama mikono inatetemeka. Kichwa cha risasi cha gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 760 kwa sekunde. Nchini Tanzania, .375 ndicho kipimo cha chini kinachotakiwa kwa kuwinda wanyama hatari kama nyati na tembo.

Baadaye mkanda ukageuka nembo ya nguvu. Risasi ya .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 inao, ingawa bega lake ni kali vya kutosha kuizuia risasi lenyewe. Hapo naona biashara kuliko ufundi: mnunuzi alikwisha kuzoea kwamba risasi kubwa huvaa mkanda. Mwaka 2007 ikaja .375 Ruger, yenye kichwa cha kipenyo kilekile na nguvu zisizopungua za ile ya 1912, ikitumia baruti za kisasa zinazostahimili joto kuliko kodaiti. Ganda lake halina mkanda.