“Mazoezi Nimeshafanya, Hofu Iko Palepale”: Dhana Potofu Kuhusu Hofu ya Watu

Sentensi hii naisikia kila wiki, Mtwara na Lindi: “Mbona sokoni naenda kila siku, na hofu haijaisha?” Anayesema hivyo anaogopa kutazamwa na kusemwa na watu, na anaamini kufika penye watu ndilo zoezi la kuiondoa hofu hiyo. Ingekuwa kweli, kila mwenye hofu anayepanda daladala angeshapona.

Mtazame anavyonunua. Hela kamili kaikunja kiganjani, maneno kayakariri tangu nyumbani, macho kwenye simu. “Nyanya fungu moja,” mbiombio, anapokea mfuko, huyo kaondoka. Zote hizo ni kinga. Akitoka salama, anaamini kilichomwokoa ni simu na haraka. Atakwenda hivyo miaka 10 na hofu yake haijaguswa!

Fanya hivi. Kabla ya kutoka, andika unachotarajia kitokee, kitu cha kuonekana kwa macho: “Nikiuliza bei nisinunue, muuzaji atanifokea.” Usiandike “nitajisikia vibaya”, maana hilo utalisikia tu na halithibitishi kitu. Pembeni weka asilimia: unaamini kiasi gani? Simu mfukoni, na rafiki wa kukusemea abaki nyumbani. Simama mbele ya meza ya korosho, mwangalie muuzaji, uliza kilo shilingi ngapi, kisha tulia mpaka amalize kujibu. Ule ukimya wa sekunde mbili tatu usiujaze maneno. Watu wengi huharibu zoezi hapo. Sema ahsante, ondoka bila kununua na bila kujieleza. Nenda meza ya pili, mpaka zifike tano, siku hiyohiyo. Swali la nusu dakika halikupi muda wa hofu kushuka, kwa hiyo marudio ndiyo yanayofundisha. Ukirudi, andika wangapi walifoka. Aliyejibu kwa mkato hakufoka, usimhesabu. Kisha ile asilimia iandike upya. Siku 4 au 5 kwa wiki. Mara moja kwa wiki ni kidogo mno.

“Jitose kwenye kubwa, yataisha yote.” Ushauri mbaya. Yapange mambo unayoyaogopa kwenye ngazi ya 0 hadi 10, 0 hakuna hofu, 10 hofu kubwa kuliko zote, kisha anza na jambo la 4. Kusimama kuuliza swali kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kutafika zamu yake. Ukianza nako ukakimbia katikati, kesho hata dogo litakuwa zito.

“Nisubiri nitulie kwanza.” Moyo kwenda mbio, jasho na mikono kutetemeka ni vya kawaida, nenda navyo.

“Bia moja itanilegeza.” Nayo ni kinga kama simu, tena inazoeleka.

“Unanifundisha kukosa adabu.” Kumwamkia mzee shikamoo ukiwa umeinamisha macho ni adabu, endelea nayo. Lakini kama unapita uchochoro wa nyuma ili usikutane naye kibarazani, hilo liandike kwenye ngazi, na kesho pita mbele.