Kwa nini askari walemavu waliendelea kudaiwa mikopo ambayo sheria ilikuwa tayari kuifuta?

Je, wajua kwamba mwaka 2018 nchini Marekani walikuwapo askari wa zamani zaidi ya 42,000 waliostahili kufutiwa mikopo yao ya elimu, na wengi wao bado walikuwa wakidaiwa? Tangu 2008 sheria ilikuwa upande wao. Askari ambaye Wizara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu imethibitisha kuwa utumishi ulimwachia ulemavu wa asilimia 100, au ulemavu usiomruhusu kufanya kazi, husamehewa mkopo wa serikali bila kudaiwa cheti kingine cha daktari.

Basi jambo lilikwama wapi? Kwenye fomu.

Orodha ya walemavu ilikuwa kwenye wizara moja, orodha ya wadaiwa ikawa Wizara ya Elimu. Anayepokea marejesho na kupiga simu za kukumbusha ni kampuni yenye kandarasi, nayo huona jina, deni na siku zilizopita bila malipo. Mguu uliokatwa hauonekani humo. Serikali ile ile iliyomlipa mtu fidia kila mwezi kwa kuwa hawezi kazi, ikamdai kama mwenye mshahara. Wa kuziunganisha ofisi hizo alikuwa mgonjwa mwenyewe: ajue haki yake, atafute fomu, aijaze, aitume.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Kati ya watu hao wamo walioumia ubongo kwa milipuko, na jeraha la namna hiyo hula kumbukumbu na umakini, vitu vile vile ambavyo fomu inavitaka. Mwingine ameshachoka na bahasha za madai. Ikija ya msamaha, inalala juu ya meza pamoja na zile nyingine bila kufunguliwa.

Mwaka huo wa 2018 wizara hizo mbili zilianza kulinganisha orodha zao kwa kompyuta. Majina yakajulikana, lakini kilichotumwa kikawa barua ya kumwomba mtu aombe. Walioomba hawakufika 9,000, ilhali zaidi ya 25,000 walikuwa wamekwisha kushindwa kulipa, hali inayoiruhusu serikali kukata mshahara na kuzuia marejesho ya kodi.

Kwa nini wasifutiwe tu? Kikwazo kimoja kilikuwa kodi: deni lililosamehewa laweza kuhesabiwa kuwa kipato. Sheria ya mwishoni mwa 2017 iliondoa kodi hiyo upande wa serikali kuu, lakini majimbo yana kodi zao. Tena, aliyesamehewa angeweza kupata ugumu akitaka kukopa upya. Hoja hizo zina uzito, ila kwangu hazitoshi kumwacha mtu akatwe kipato kwa deni asilopaswa kulipa.

Mei 2019 wanasheria wakuu wa majimbo zaidi ya 40 waliiandikia Wizara ya Elimu wakitaka msamaha utolewe bila maombi. Tarehe 21 Agosti mwaka huo Rais Donald Trump akasaini agizo, na swali likageuzwa: deni linafutwa, na asiyetaka ana siku 60 za kukataa. Aliyekaa kimya zamani aliendelea kudaiwa. Sasa kimya chake kikawa ridhaa.

Agosti 2021 utaratibu huo ukawafikia wadaiwa wengine 323,000, walemavu waliotambuliwa na mamlaka ya hifadhi ya jamii. Dola bilioni 5.8 zilifutwa, na hakuna aliyetakiwa kujaza fomu.