Malaria imeonekana, mbona homa haishi?

Fundi wa maabara anaweka kioo chini ya hadubini. Ndani ya chembe nyekundu ya damu anaona kipete chenye kidoa pembeni. Malaria. Anaandika jibu, anaita mgonjwa anayefuata. Angekisogeza kioo kidogo tu, pengine angeona uzi mwembamba uliojisokota kama springi, nje, umelala kati ya chembe moja na nyingine. Huyo ni borelia, bakteria wa homa iletwayo na papasi, kupe wa ndani ya nyumba. Rangi ya Giemsa inayomwonyesha kijidudu cha malaria humwonyesha na yeye, kwenye kioo kilekile. Kinachomficha ni jicho lililokwisha kupata lilichokuwa likitafuta.

Hilo ndilo ninalotaka wafugaji, wachinjaji, wakulima wa mpunga na ndugu zao walielewe: kuonekana kwa ugonjwa mmoja hakuondoi wa pili. Mtu anayeishi na mifugo, panya na kupe hupita kila siku kwenye njia zinazobeba vijidudu vya aina nyingi. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta brusela, ugonjwa wa bakteria utokao kwa mifugo, na yanaweza kuleta TB ya ng'ombe. Jaruba la mpunga lenye mkojo wa panya, unaobeba ugonjwa tuliozoea kuuita homa ya mgunda (leptospirosisi) tangu mlipuko wa Lindi mwaka 2022, ndimo mbu wa malaria wanamozaliana. Kaskazini mashariki mwa Marekani kupe mmoja huweza kumwachia mtu bakteria wa ugonjwa wa Lyme pamoja na babesia, kijidudu kinachokaa ndani ya chembe nyekundu kama malaria. Dawa ya doksisaiklini inamaliza wa kwanza, wa pili hata hashtuki.

Kwetu Tanzania kuna takwimu ambazo kila daktari angepaswa kuzikumbuka. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali mbili za Moshi, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo makini vikaikuta kwa asilimia 1.6 tu. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: homa ya mgunda, homa ya kupe ya jamii ya riketsia, homa ya Q, brusela. Huko malaria ilikuwa chache. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtego unageuka: mtu mzima anaweza kubeba vijidudu vya malaria damuni bila kumuumiza, na kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa baada ya kupona. Jibu ni la kweli, ila homa ya leo imeletwa na kitu kingine.

Papasi ni mfano mzuri kwa sababu hata jina lake tunalo wenyewe. Si kama kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania siku kadhaa. Papasi anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi zake. Asubuhi hujui kama ulikuwa na mgeni. Joseph Dutton na John Todd walithibitisha huko Kongo mwaka 1905 kuwa ndiye mbebaji. Wote wawili waliugua homa hiyo, na Dutton akafariki mwaka huohuo.

Homa yenyewe ina hila. Inawaka siku chache, inazima yenyewe, kisha inarudi baada ya wiki hivi, kwa sababu bakteria hubadili koti lake la nje na kinga ya mwili inabaki kumtafuta wa zamani. Sasa fikiria mgonjwa amemeza dawa mseto ya malaria siku ileile homa ilipokuwa inazima yenyewe. Sifa zote zinakwenda kwa dawa. Ikirudi, anaambiwa malaria yake imekuwa sugu. Kwa mjamzito, kuchelewa huko kunaweza kugharimu mimba.

Kuna jozi moja inayonitisha zaidi: brusela na TB. Tuseme mfugaji amekuja na maumivu ya kiuno ya miezi mitatu, jasho la usiku na suruali inayomdondoka. Dalili hizo ni za brusela. Ni za TB ya mgongo pia, neno kwa neno. Kipimo cha brusela kikisoma chanya, anaweza kuanzishiwa doksisaiklini na rifampisini kwa wiki sita. Rifampisini ni nguzo ya tiba ya TB, lakini kwenye TB haitumiki bila dawa nyingine za TB. Kama TB imejificha, tumeipa mazoezi ya wiki sita ya kupambana na dawa yetu bora. Ndiyo maana makohozi na picha ya mgongo vinakuja kabla ya kidonge cha kwanza, hata mgonjwa akinung'unika kwamba amekuja kwa kiuno, si kifua. Ikiwa TB yenyewe imetoka kwa ng'ombe, daktari anahitaji kulijua hilo pia, maana bakteria wake kwa asili hasikii pirazinamaidi.

Upande wa pili wa shilingi nao upo. Nimeshikishwa karatasi za maabara zenye chanya nne, na mgonjwa mwenyewe ameshalia njia nzima. Vipimo vingi vya magonjwa haya vinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kijidudu, na kingamwili hukaa muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Chanya nne zinaweza kuwa ugonjwa mmoja wa leo na kumbukumbu tatu za zamani. Mara nyingi tunahitaji damu ya pili wiki kadhaa baadaye, tuone kama kiwango kimepanda. Rudini basi kwa hiyo damu ya pili. Wengi wakipata nafuu hatuwaoni tena.

Na ukifika kwa daktari usisubiri kuulizwa. Mwambie kama mbuzi wako wametupa mimba na wewe ndiye uliyeshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mwonyeshe kidonda kidogo chenye gamba jeusi kwenye paja, huenda ndipo kupe alipouma, hata kama hakiumi na unaona haya kuvua. Mwambie ulilala wapi wiki mbili zilizopita, kitandani au chini.